Miche ya Kurudishia

Mzee Alfonsi Chilumba alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake wa bustanini walishauzoea: hakuweza kupita kando ya tuta lenye pengo akanyamaza. Liwe lake au la jirani, atasimama, ataweka keni ya kumwagilia chini, atauliza kulikoni. Walimcheka sana, lakini wakipungukiwa miche walikimbilia kwake, kwa sababu bonde zima lilijua kwamba Alfonsi hatupi mche. Uliobaki kitaluni aliupandikiza kwenye kopo la rangi au mfuko wa maziwa, akaufuga kivulini nyuma ya kibanda, na siku tuta likipata pengo aliuchukua akalijaza. Wakulima wanaita kurudishia. Miaka yote aliyolima mboga chini ya nyaya kubwa za umeme, katika bonde lililo nyuma ya Ukonga, hakuwahi kumsikia mtu akiliita jambo hilo kosa.

Jumanne moja mchana alikuwa anamwagilia matembele alipomwona binti yake, Jesca, akishuka bondeni na viatu vya mjini. Asubuhi alikuwa ameondoka kwenda Sinza, kwenye ofisi ya mradi unaomsomesha, na alikuwa amesema atarudi jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mapema hivyo?"

Jesca alimpita baba yake, akaenda moja kwa moja sehemu ya chini ya bustani, kwenye nyanya chungu zake, akachutama na kuanza kusoma vibao vidogo vilivyochomekwa kwenye kila shina. Alisoma kimoja, akaenda kingine, akarudi kile cha kwanza. Viatu vilikuwa vinazama kwenye tope na hakuvijali.

Sehemu hiyo ya chini Alfonsi alikuwa ameshaisusa. Ilikuwa na mnyauko, ugonjwa unaokaa udongoni: leo mche umesimama vizuri na majani yake, kesho kutwa umelala kama uliomwagiwa maji ya moto. Hakuna dawa. Mtu mwenye akili zake hapandi nyanya chungu mahali pa namna hiyo, lakini Jesca, aliyekuwa akisomea shahada ya pili ya kilimo, alipaomba kwa sababu hiyo hiyo. Alitaka miche yake iugue.

"Baba, kuna mtu huwa anaingia huku?" aliuliza bila kuinua uso.

"Mtu nani?"

"Yeyote. Watoto wanaokatiza. Wanaokuja kununua mboga."

"Aingie nani na mie nipo hapa kutwa? Hakuna anayeingia."

Alisema kweli, au alidhani anasema kweli, kwa kuwa hakuna mtu anayejihesabu kuwa ameingia kwenye bustani yake mwenyewe.

Jesca akainuka, akajifuta mikono kwenye sketi aliyoipiga pasi asubuhi. "Wanasema nimepika," alisema.

"Umepika nini?"

"Data, baba. Majibu ya utafiti. Wanasema nimekaa chini nikayatunga."

Alfonsi akaweka keni chini. "Nani kasema?"

"Yule dada wa fedha, Apolonia. Msimamizi wangu, Dokta Kamugisha, hajasema. Lakini na yeye hajakataa."

"Hao hawakujui," Alfonsi alisema. "Wewe tangu mdogo hujui kudanganya. Ulikuwaga ukivunja kikombe unakuja nacho mkononi unalia."

Alitegemea binti yake acheke. Jesca akavua viatu na kupanda navyo mkononi kuelekea nyumbani.

Nyumbani Mauwa, mkewe Alfonsi, alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Alipomwona bintiye hana viatu miguuni hakuuliza neno. Alimsogezea mkeka, akamletea maji, akaendelea kuchambua. Mauwa alikuwa mwanamke wa kusubiri. Alingoja mpaka Alfonsi naye alipofika akamdokeza habari ya Sinza, na chakula cha mchana kikapakuliwa, ndipo mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, hicho walichokosana na wakubwa zake ni nini hasa.

Jesca akachota maharage kwenye ungo, akayapanga mstari mmoja mrefu juu ya mkeka, mekundu na meupe yamechanganyika.

"Chukulia huu ni mche mmoja, mama. Ndani yake kuna kitu kama uzi, na kwenye uzi kuna hivi vinasaba, vimepangana hivi. Mekundu yametoka kwa ile nyanya chungu ya kwenu Newala, ile chungu kweli ambayo haifi. Meupe yametoka kwa hii tamu ya sokoni, ambayo inakufa. Niliwaozesha, wakazaa, watoto wakazaa wajukuu. Wajukuu ndio niliowapanda kwa baba. Kila mmoja ana mchanganyiko wake."

"Hata wa tumbo moja?" Alfonsi aliuliza.

"Hata hao. Mimi na Benjamin tunafanana?"

Mauwa alitabasamu. Benjamin, mtoto wao wa kwanza aliyekuwa fundi huko Tunduru, alikuwa mfupi, mnene na mpenda ugomvi. "Hamfanani hata kwa kulazimisha," alisema.

"Basi ndivyo walivyo. Sasa mahali fulani kwenye mstari huu kuna harage moja ndilo linalouzuia mnyauko. Hatujui lipi. Kwa hiyo nilichukua jani la kila mche kabla sijaupanda, likasomwa maabara. Halafu nikawapanda kwenye ugonjwa nikawaacha. Waliokufa tunawaangalia: wote wamekosa harage gani? Waliopona: wote wanalo lipi? Tukilijua, tumepata ramani. Siku nyingine hatuhitaji kupanda tukangoja msiba. Tunasoma jani la mche mchanga, tunajua huyu atasimama, mbegu inatoka kwa huyo. Baba anarudi kupanda kule chini. Bonde zima linarudi kupanda."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Ramani haijatoka, mama. Haionyeshi kitu. Dokta akashangaa, akachukua majani ya miche ishirini iliyo hai akayasoma upya. Minane siyo yenyewe. Kibao kinasema huyu, jani linasema mtu mwingine kabisa. Kama vile sikupanda kitu, nimeokoteza miche huko nikaibandika majina." Akayasukuma maharage kwa kiganja, mstari ukavurugika. "Ndiyo maana nilimwambia baba asing'oe hata mmoja. Aliyekufa ana kazi sawasawa na aliyepona."

Alfonsi alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani taratibu, akanawa, akasema ameshiba. Hakuna aliyemsikiliza, maana Jesca alikuwa ameanza kulia na mama yake alikuwa anamsogelea.

Alitoka akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Alikumbuka vizuri siku Jesca alipomwambia asing'oe, asirudishie, asitie chochote, na ile miche iliyobaki kitaluni aitupe. Aliitikia yote. Na ile iliyobaki hakuitupa, kwa sababu hakuwahi kutupa mche maishani mwake. Aliitia kwenye makopo.

Kisha Jesca akaenda Morogoro, maabara, akakaa huko wiki tatu. Huku nyuma miche ikaanza kulala, leo huu, kesho ule, kila asubuhi Alfonsi anakuta maiti mpya. Akajikaza. Siku moja akaja Tusajigwe, mchuuzi wa Ukonga anayenunua mboga zikiwa bado zimesimama tutani, tuta zima kwa bei moja. Tusajigwe alikuwa na mdomo. Alisimama juu ya ile sehemu ya chini akashika kiuno.

"Mzee wangu, siku hizi unauza kuni?"

"Hilo siyo langu. Ni la binti yangu, la masomo."

"Masomo ya kuua ngogwe, hizi nyanya chungu zote? Hayo mbona hata mie nayajua, na sijalipiwa ada." Wachuuzi wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Siku hiyo hata tuta lake la mchicha, lililokuwa zuri halina kasoro, walilipunguza bei, wakidai ugonjwa unaweza kuwa umepanda juu.

Hilo angelimeza. Kilichomshinda ni simu ya Jesca usiku uliofuata: wageni wa mradi wangekuja Jumamosi kuliona shamba, na wafadhili wangekuwemo. Alfonsi alimwona binti yake amesimama mbele ya watu wenye makoti, nyuma yake vijiti vikavu. Aliona wakimcheka kama Tusajigwe, ila kwa adabu. Ijumaa akaamka mapema, akang'oa vilivyokufa kwenye matuta ya juu, akaleta makopo yake, akarudishia mpaka yakaisha; matuta ya chini kabisa hakuyagusa. Miche ilikuwa ya umri ule ule na kimo kile kile. Kila kibao alikirudisha mahali pake kwa uangalifu. Baba mmoja, mama mmoja, alijiambia, kuna tofauti gani. Jumamosi wageni waliposhuka bondeni kwenye matuta ya juu hakukuwa na pengo hata moja, na Jesca aliyetangulia mbele yao alishika mdomo kwa furaha. "Wamekufa wachache hivi?" alisema. Alfonsi hakumbuki kama amewahi kufurahi kama siku ile.

Jumatano asubuhi, siku moja baada ya kile kilio cha Jesca, Mauwa alishuka bustanini na chupa ya chai. Haikuwa kawaida yake. Alizunguka kibanda, akaangalia kivulini ambako zilibaki alama za duara kwenye udongo, akarudi akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Baba Jesca, yale makopo yako wapi?"

"Makopo gani?"

"Usinifanye mtoto."

Alfonsi aliendelea kung'oa magugu ambayo hayakuwepo. Mkewe alimimina chai, akamwekea kikombe karibu na goti.

"Utamwambia leo," alisema.

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Mtoto anaitwa mwongo, na mwongo tunaye hapa."

"Mie sikudanganya mtu. Nilitaka asiaibike."

"Najua ulichotaka," Mauwa alisema, na sauti yake ikalegea. "Ndiyo maana nimekuja na chai."

Jesca alikuwa uani anafua. Alfonsi alisimama mbele yake kofia mkononi, akasema yote bila kupumzika, kuanzia makopo mpaka Tusajigwe mpaka wageni. Alipomaliza Jesca alikuwa ameshika shati la baba yake mwenyewe, limejaa povu, na mikono imesimama.

"Mingapi?" aliuliza.

"Mingi."

"Baba, si nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Nilikuambia mara ngapi?"

"Wageni walikuwa wanakuja, mama," Alfonsi alisema. Tangu Jesca akiwa mdogo alikuwa akimwita mama anapombembeleza. "Nilisema watakucheka."

Jesca akakaa juu ya jiwe la kufulia. Aliangalia beseni. "Bora ningekuwa nimeibiwa," alisema mwishowe. Halafu akanyanyuka, akaendelea kulifikicha lile shati, kola, kwapa, mikono, akalisuuza na kulianika vizuri kama alivyofundishwa. Alfonsi angependa kama angelirusha chini.

Jesca hakutaka baba yake aende naye Sinza Alhamisi. Alisema atamweleza Dokta mwenyewe, kwa nini amtie baba yake kwenye fedheha. Alfonsi alikataa. Alivaa koti lake la Jumapili, akapiga viatu mswaki, akakata matembele na mchicha akafunga kifurushi kizuri kwenye gazeti, kwa kuwa mtu haendi kwa mwenziwe kuomba samahani mikono mitupu. Getini mlinzi alimwangalia, akaangalia kifurushi.

"Wauza mboga hawaingii, mzee. Agizo."

"Ni baba yangu," Jesca alisema.

Mlinzi akawapisha, lakini alikagua kile kifurushi kwanza, akafunua gazeti na kuchambua jani kwa jani. Alipokirudisha hakikuwa kizuri tena.

Dokta Kamugisha, msimamizi wa Jesca, alikuwa mtu mzima mwembamba mwenye macho ya uchovu. Aliinuka nyuma ya meza na kumwamkia Alfonsi shikamoo, akamvutia kiti. Apolonia wa fedha, ambaye Alfonsi angeweza kumzaa, alisema "Habari" na kurudi kwenye simu yake. Alfonsi akakisukuma kifurushi chini ya kiti kwa kisigino.

Alieleza. Hakuruka kitu, hata maneno ya Tusajigwe aliyasema kama yalivyosemwa. Dokta alisikiliza akiwa amefumba macho, na ilipofika siku ya wageni akayafumbua.

"Ile Jumamosi," alisema. "Nami nilipiga picha na miche hiyo. Nimeiweka kwenye ripoti."

"Nisamehe, Dokta."

"Dokta, naomba niseme," Apolonia alisema. "Mzee, usinielewe vibaya, tunakuheshimu. Lakini binti kapewa barua Jumanne, majibu yake hayalingani na maabara. Leo anakuja na baba yake mzazi, na baba anasema ni mimi. Wewe ungekuwa sisi ungesemaje?"

"Ningesema ni kweli."

"Kila mzazi angesema hivyo. Hata mie baba yangu angekuja kunisemea."

Jesca alifungua kinywa, Alfonsi akamgusa mkono. Alikuwa amekuja akijua atatukanwa. Kutoaminiwa hakukufikiria. Mtu anabeba kosa lake mwenyewe mpaka mjini, analiweka mezani, halafu anaambiwa siyo la kwake.

Dokta Kamugisha alisugua uso kwa viganja. "Mimi naamini," alisema. "Lakini imani yangu siwezi kuiambatisha kwenye ripoti, na fedha ya mradi inafungwa mwaka huu. Hakuna msimu mwingine. Hakuna fedha ya kusoma upya majani yote." Akageukia Alfonsi. "Mzee, kuna njia moja. Wewe ni mkulima, bustani ni yako. Nionyeshe miche uliyorudishia. Ile tuitoe, iliyobaki ni halali, na waliokufa kwenye yale matuta ya chini ambako hukugusa bado wapo. Inaweza kutosha kuchora ramani. Na katika ishirini niliyoisoma tunajua minane ni migeni. Ukiitaja hiyo minane, hakuna atakayesema tena kwamba Jesca amepika."

"Lakini ishirini hiyo Jesca anaijua," Apolonia alisema. "Alionyeshwa."

"Jesca hatamtajia," Dokta alisema. "Au siyo, Jesca?"

"Sitamtajia."

"Na mzee asipoitaja?" Apolonia aliuliza.

Dokta alimgeukia Jesca. "Basi ufadhili unasimama, na barua inakwenda chuoni kama ilivyo."

Alfonsi alisema ataitaja. Alisema hivyo mara mbili, na ya pili alikuwa ameshasimama. Bustani yake anaijua, alisema, hata gizani anaweza kuitembea. Alitoka ofisini na moyo umepata nafuu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kifurushi alikisahau chini ya kiti.

Ijumaa asubuhi walishuka bondeni, baba na binti. Mauwa alibaki nyumbani, akasema ana kazi. Jesca alikuwa amechana kanga kuukuu nyekundu, akatengeneza vipande vyembamba, ameshika fungu zima mkononi. Kila mche ambao baba yake angeuonyesha, angeufunga kipande.

"Tuanze huku juu," Alfonsi alisema. Alikunja suruali, akaingia kati ya matuta, akasimama.

Miche ilikuwa imekua. Ilikuwa imemfika kiunoni, imetanua majani, mingine ina maua, mingine imekwisha kufunga vitunda vya kijani. Ile aliyoitoa kwenye makopo ilikuwa imeota mizizi kama mingine, imesahau makopo. Alfonsi aliinama akaangalia shina. Akaangalia la pili. Alikuwa na uhakika kwamba akifika tu angeona.

"Huu," alisema.

Jesca alichutama akafunga kipande.

"Na huu. Na huu hapa, huu nakumbuka kabisa, ulikuwa kwenye kopo la rangi ya bluu."

Jesca akafunga kipande cha pili. Cha tatu alikifunga polepole sana, na fundo likamponyoka, akalirudia. Alfonsi aliliona hilo, akajua bila kuambiwa kwamba huu ulikuwa mmoja wa ile ishirini, na kwamba haukuwa mgeni.

"Au siyo huu," alisema haraka. "Ni ule wa pili yake."

"Baba, onyesha unaoukumbuka."

"Nitajie mmoja tu. Mmoja, nipate pa kuanzia. Kumbukumbu itakuja yenyewe."

"Siwezi."

"Nani atajua? Tuko wawili tu hapa."

"Nikikutajia ndipo nitakuwa nimepika kweli," Jesca alisema.

Akaendelea. Tuta la pili alionyesha mitatu, la tatu akaonyesha mitano, kisha akafuta miwili. Kila alipoinua kidole alimtazama binti yake usoni kabla hajasema neno. Hakukusudia. Macho yalikwenda yenyewe, yakitafuta kope inayocheza au mdomo unaojibana, kama yeye Jesca alivyokuwa akimtazama zamani anapojifunza kuhesabu. Jesca alipolitambua hilo akageuza uso, akautazamisha juu barabarani, akauacha huko ili baba yake asiwe na cha kusoma.

"Huu," Alfonsi alisema.

"Ehe."

"Na huu."

"Ehe, baba."

Alifika katikati ya tuta la nne ndipo alipogeuka nyuma. Kwenye tuta la tatu hakukuwa na kitambaa hata kimoja. Fungu la vipande lilikuwa mkononi mwa Jesca, nene vile vile, na Jesca bado ametazama barabarani, anasema ehe.

Alikaa chini mtaroni, kwenye maji, na koti lake la kazi.

"Sikumbuki, Jesca," alisema. "Siku ile nilikuwa natazama mapengo. Miche sikuitazama."

"Najua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu tuta la kwanza."

Alfonsi aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kitu kikubwa, kitu ambacho baba husema, na hakukiona. Alilia kwa pua, kama wanaume wazee wanavyolia, akijifanya anapenga kamasi. Jesca alimshika kwapani akamwinua, akampangusa matope kwenye koti kwa vile vile vipande vya kanga. Kisha akatoa simu akapiga, na hakusogea pembeni. Simu yake ilikuwa kuukuu, inasema kwa sauti kubwa hata usipotaka.

"Shikamoo, Dokta. Ni Jesca."

"Marahaba. Mmemaliza?"

"Mzee hakumbuki, Dokta. Amejaribu."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mwanamke kwa mbali ndani ya chumba kile: "Si nilisema?"

"Ungeweza kumtajia, Jesca," Dokta Kamugisha alisema. "Nisingeuliza."

"Ndiyo, Dokta."

"Barua itakwenda chuoni Jumatatu. Ya ufadhili pia. Sina namna nyingine. Pole sana."

"Asante, Dokta."

Jesca akaitia simu mfukoni. Baba yake alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, maji yanamchuruzika miguuni, amesikia kila neno.

"Dokta anakusalimia, baba," alisema. "Anasema shikamoo."

"Marahaba," Mzee Alfonsi akaitikia.